Nyumbu wa Mto Mara si lazima: mbuga na bahari kwa kikundi cha vijana wa kujitolea

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni binti wa miaka 24, najitolea kufundisha katika shule moja hapa Moshi. Tuko vijana 11: Wajerumani watano, Wadenmark wawili na Watanzania wanne. Tumepewa likizo ya siku tisa mwezi wa nane na wenzangu wameniachia mimi nipange safari. Wanataka Serengeti waone nyumbu wakivuka Mto Mara, halafu Zanzibar. Wakala mmoja ametupa bei moja kwa kila mtu na anataka alipwe yote mapema. Sisi Watanzania bei ile hatuiwezi, na wageni wanasema tusipokwenda wote hawaendi. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Matatizo uliyoyataja, yaani bei, muda na ninyi wanne kubaki nyuma, yote yanatokana na njia mliyoichagua. Nimeendesha wageni kwenye mbuga za kaskazini kwa miaka mingi na siku hizi napangia vikundi safari, kwa hiyo nitakuambia wazi ninachoamini. Kwa mwezi wa nane, siku tisa na mifuko ya vijana, waacheni nyumbu wa Mto Mara na iacheni Zanzibar kwa safari nyingine. Nendeni Tarangire, Ngorongoro, kisha Pangani.

Najua wenzako watakunja uso, maana video za nyumbu wakirukia mto wenye mamba wameziona tangu wakiwa kwao. Waeleze jiografia. Mwezi wa nane makundi makubwa ya nyumbu huwa kaskazini kabisa mwa Serengeti, upande wa Kogatende, na mengine yameshaingia Maasai Mara. Ninyi mnatoka Moshi. Mtapita Arusha, Mto wa Mbu na Karatu, mtapanda Ngorongoro, mtashuka kwenye tambarare hadi lango la Naabi ndipo mfike Seronera, katikati ya Serengeti. Hiyo ni siku nzima, sehemu kubwa ikiwa vumbi na mtikisiko. Kutoka Seronera hadi Kogatende ni karibu nusu siku nyingine, na kurudi ni hivyohivyo. Mkishafika, nyumbu hawana ratiba. Hujikusanya ukingoni, husita saa nzima, kisha mmoja hugeuka na wote humfuata kurudi malishoni. Hakuna dereva mkweli atakayekuahidi kuwaona wakivuka, na akikuahidi, muogope.

Gharama nayo haijifichi. Barabara hiyo hupita ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, kwa hiyo mgeni hulipa kiingilio cha Ngorongoro akienda na hulipa tena akirudi, hata asiposhuka kreta, yaani lile bonde la volkano lenye wanyama. Kiingilio hicho ni dola 60, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa dola 70.80. Serengeti, kwa msimu wa kuanzia 16 Mei hadi 14 Machi, ni dola 70, yaani 82.60 pamoja na VAT, kwa kila siku. Siku tatu za Serengeti na kupita Ngorongoro mara mbili ni dola 389.40 kwa mgeni mmoja, kabla hajala wala kulala wala kulipia gari. Sasa chukua Tarangire siku moja, dola 59 pamoja na VAT, na Ngorongoro siku moja. Jumla ni dola 129.80. Kuna pia ada ya gari kushuka kreta, dola 295 kwa kila gari pamoja na VAT, nitairudia hapo chini. Hata ukiiongeza, tofauti ni kubwa.

Na wala sikupeleki Tarangire kwa sababu ni rahisi tu. Mwezi wa nane ndio wakati wake. Mvua zikinyesha, wanyama hutawanyika hadi tambarare za Simanjiro, lakini kiangazi kikikaza, Mto Tarangire ndio unaobaki na maji, na wote hurudi kwake. Mtaona tembo wa familia nzima, bibi, mama na watoto, wakichimba mchanga wa mto kwa mkonga wapate maji safi chini yake. Mtaona mibuyu minene iliyochubuliwa na pembe zao miaka na miaka. Nyumbu mtawaona pia, na pundamilia, na simba wakiwasubiri kwenye majani makavu. Kwa mtu ambaye hajawahi kuingia mbugani, na nadhani ninyi Watanzania wanne wengi wenu hamjaingia, sijui mahali pazuri zaidi pa kuanzia kwa mwezi huo. Mwambie kila mtu asivae buluu iliyokoza wala nyeusi, kwa sababu mbung'o wa Tarangire huzipenda rangi hizo na kuumwa na mbung'o kunauma kweli.

Ratiba ningeipanga hivi. Siku ya kwanza tokeni Moshi bila haraka, mlale Mto wa Mbu, jioni mtembee kijijini kwenye mashamba ya ndizi na mifereji. Siku ya pili amkeni gizani ili mwingie Tarangire lango linapofunguliwa saa 12 asubuhi, mtoke saa tisa mchana mkalale Karatu. Siku ya tatu ni kreta. Hapo pia wahini, maana wanyama huonekana vizuri kabla jua halijawa kali, na magari huwa machache. Bonde lile lina kilomita za mraba kama 260 na kuta za mita 600 hivi kila upande, na ndani yake wamo faru weusi ambao kwingineko ni shida kuwaona. Mlale Karatu tena bila kuhamisha mahema. Kambi ya Simba iliyo ukingoni mwa kreta ina mandhari ya ajabu, lakini iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, na baridi ya mwezi wa nane pale humnyima usingizi mtu mwenye blanketi jembamba. Karatu ni nafuu, ni mji wenye soko, maduka na zahanati, na si mbali na lango. Siku ya nne rudini Moshi, mfue nguo, mlale kwenye vitanda vyenu bure.

Huko Moshi ndipo muagane na magari ya safari. Hili ni jambo ambalo vikundi vingi hulipotezea pesa: hukodi Land Cruiser kwa siku zote tisa, nusu ya siku hizo likiwa limeegeshwa chini ya mnazi na bei ikihesabika. Kwa mbuga mnahitaji Land Cruiser mbili zenye paa la kunyanyuka, watu watano katika moja na sita katika nyingine, ili kila mmoja awe na dirisha. Msikubali kubanwa wanane katika gari moja. Kwenda baharini kodini Coaster ndogo au pandeni basi la kawaida la Tanga, kisha gari la Pangani.

Siku ya tano basi ni barabara ya Same, Mombo, Korogwe, Segera na Muheza. Ni siku ndefu lakini ni lami, na upande wa kushoto mna milima ya Upare na baadaye Usambara njia nzima. Kuanzia Korogwe mtapita kwenye mashamba ya mkonge. Waambie wenzako Wajerumani kwamba zao hilo lililetwa hapa mwaka 1893 na mtaalamu wao wa kilimo, Richard Hindorf. Miche iliyonusurika safari kutoka Florida ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na huko huko Pangani mnakokwenda. Vizazi vya watu wa nchi hii vimekata mkonge kutokana na miche hiyo.

Naipenda Pangani kwa kikundi kama chenu kwa sababu hii hasa. Si ufukwe tu. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuja kupandisha bendera yake pale na kushika forodha, na watu wa pwani wakakataa. Abushiri bin Salim al-Harthi akaongoza vita Pangani, Bwana Heri akashika Saadani. Ujerumani ikamleta Hermann von Wissmann na jeshi la kukodi, na mwezi Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Kijana wa Kijerumani na kijana wa Kitanzania wanaofundisha darasa moja Moshi wakitembea pamoja kwenye mitaa ile, wakaliona boma la zamani na nyumba za wafanyabiashara zinazobomoka kando ya mto, watazungumza mambo ambayo hawajawahi kuyazungumza kwenye chumba cha walimu. Tafuteni mwongozaji wa mji pale pale Pangani, mzaliwa wa pale, mumlipe vizuri, na mpeni asubuhi nzima.

Kwa kulala, ng'ambo ya kusini ya Mto Pangani kuna kijiji cha Ushongo chenye mchanga mrefu na minazi, na sehemu za kulala kuanzia za mahema hadi za wenye pesa. Mna usiku nne pale, na hizo ni nyingi kuliko ambazo mngepata Zanzibar. Kitu kimoja cha kupanga kwa makini ni kisiwa cha Maziwe. Ni fungu la mchanga lililo katikati ya matumbawe, hifadhi ya bahari tangu 1975, na zamani lilikuwa na miti na kasa wengi wa kutaga. Miti imekwisha, na maji yakijaa sana fungu hufunikwa. Kwa hiyo saa ya kwenda huamuliwa na maji, si na nyinyi. Waulizeni wavuvi wa Ushongo siku mtakapofika. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa mbali na fungu hukaa wazi vizuri, lakini pia hurudi kwa nguvu. Ukiona nahodha anatazama bahari halafu anasema leo hapana, msimbembeleze. Agosti ni wakati wa upepo wa kusi, na bahari ya asubuhi si bahari ya alasiri.

Hapa naomba unisikilize kama kaka yako. Wageni wenu karibu wote watakuwa wamefundishwa kuogelea shuleni. Ninyi mliokulia Moshi huenda hamjui, na kijana asiyejua kuogelea akiwa katikati ya wenzake wanaojua huona aibu kusema. Nimewaona vijana wetu wakijitosa kwenye maji marefu kwa ajili ya aibu hiyo. Kabla ya siku ya kwanza ya bahari, ukiwa mwenyewe ndiye kiongozi, sema mbele ya wote nani anajua na nani hajui, na anza na wewe. Kwenye mashua kila mtu avae jaketi okozi, hata bingwa wa kuogelea, na mlihakiki kabla ya kulipa: liwepo, lifunge, liwe la saizi. Kama majaketi hayawatoshi watu 11, hamuondoki. Na katika siku nne hizo wenzenu wawafundishe kuogelea kwenye maji ya kiunoni, asubuhi, bahari ikiwa shwari. Vaeni viatu vya mpira kwenye miamba kwa sababu ya urumba, yaani wale viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi.

Sasa pesa, kwa sababu hapo ndipo urafiki wa vikundi huvunjika. Bei moja kwa wote aliyowapa wakala haina haki. Raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi 10,000 kuingia Tarangire na 10,000 kuingia Ngorongoro, jumla shilingi 23,600 pamoja na VAT, pale mgeni anapolipa dola 129.80. Kama mnatozwa sawa, ile tofauti yenu ninyi wanne imekwenda mfukoni mwa mtu. Daini bei iliyochambuliwa: viingilio peke yake, gari na mafuta peke yake, chakula na mpishi, malazi. Kisha kila mtu ajilipie kiingilio chake kulingana na uraia wake.

Gharama zinazobaki ni za wote, na hapo nashauri mgawane kwa hisa. Kila mgeni hisa mbili, kila Mtanzania hisa moja, jumla hisa 18. Ile ada ya kushuka kreta kwa magari mawili ni dola 590. Ukiigawa kwa hisa 18 ni dola 32.78 kwa hisa, kwa hiyo mgeni atatoa 65 na senti kadhaa na Mtanzania nusu yake. Fanyeni hivyo hivyo kwa magari na mpishi. Sikuambii hivi ili mkae mkisubiri kusaidiwa. Ninyi wanne mtakuwa mnakubaliana bei, mnanunua samaki sokoni Pangani, mnazungumza na nahodha, mnatatua gari likiharibika Mombo. Hiyo ni kazi, na wageni wangeilipia kwa mtu mwingine. Lisemwe hilo mezani, liandikwe, kila mtu akubali kabla hata shilingi haijatoka. Kinachoumiza ni yule anayejua katikati ya safari kwamba amelipiwa bila kuambiwa. Teueni watu wawili wa kushika mfuko, mmoja Mtanzania na mmoja mgeni, na risiti zote zikae kwenye bahasha moja.

Bakshishi iwekeni kwenye hesabu tangu mwanzo. Desturi ya Arusha ni karibu dola 20 kwa siku kwa dereva, kwa gari zima, na mpishi naye apewe chake. Wengi wao hulipwa kwa safari, na msimu ukiisha hawana mshahara.

Upande wa karatasi, Watanzania mbebe vitambulisho vya NIDA, kwa sababu langoni bei ya raia huendana na kitambulisho, si sura wala Kiswahili. Wageni wabebe pasipoti halisi. Waulize pia wameingia nchini kwa kibali gani. Mtu anayejitolea kwa muda mrefu anatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi daraja C, na mwenye kibali hicho hulipa viingilio vya mkazi, ambavyo kwenye hifadhi za taifa zilizo chini ya TANAPA ni takriban nusu ya vya mgeni. Kama kuna mwenye viza ya utalii ya dola 50 huku anafundisha, hilo si suala la likizo tena. Viza hiyo hairuhusu kazi, hata ya kujitolea, na shule inapaswa kulishughulikia na Uhamiaji mapema. Usikubali kumtafutia mtu njia ya kuteleza langoni.

Mambo madogo niyapite haraka. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019, wanaopokea wageni wapya wawakumbushe. Droni haziruhusiwi hifadhini bila kibali. Dawa za kinga ya malaria ni kwa wageni wote, na neti ni kwa wote kabisa, hasa Mto wa Mbu na Pangani. Pangani ni mji wa Waislamu wengi, kwa hiyo nguo za kuogelea ziishie ufukweni, na mjini mabega na magoti yafunikwe. Wasichana msitembee ufukweni usiku wawili wawili. Nendeni wengi au msiende.

Kama kikundi kitapiga kura na Zanzibar ikashinda, mheshimu kura hiyo, ila ifanyeni vizuri. Punguzeni Karatu usiku mmoja na msafiri kwa basi hadi Dar es Salaam, mlale, kisha mpande boti asubuhi. Tangu 1 Oktoba 2024 mgeni wa kutoka nje anayeingia Zanzibar hulazimika kununua bima ya dola 44, na inunuliwe mtandaoni kabla ya safari. Mwezi wa nane ni msimu wa juu na vyumba ni ghali. Paje na Jambiani hupendwa na vijana, lakini maji yakipwa huko bahari huenda mbali sana, na mtakuta akina mama wakiwa kwenye mashamba yao ya mwani. Msiyakanyage, na msiwapige picha bila ruhusa. Anayetaka kuogelea saa yoyote aende Nungwi au Kendwa.

Na kwa yule wakala, mwandikie leo. Muulize namba ya leseni yake ya TALA, yaani ya biashara ya utalii, na jina la kampuni kama lilivyosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, kisha uhakiki kwamba akaunti ya benki ina jina hilo hilo, si la mtu binafsi. Mwombe mkataba unaotaja aina ya gari, idadi ya watu kwa gari, viingilio vilivyomo, na nini kitatokea mtu akiugua kabla ya safari. Malipo ya awali yasizidi asilimia 30, salio mlipe siku chache kabla ya kuondoka. Viingilio vya hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si fedha taslimu langoni, kwa hiyo mwambie akutumie nakala ya malipo hayo ikionyesha raia wanne na wageni saba. Akikubali yote haya kwa maandishi, mfikirieni pamoja na wengine wawili mtakaowaomba bei ya njia hii mpya. Akisema lazima mlipe yote wiki hii la sivyo nafasi zinakwisha, achaneni naye. Magari Arusha yapo mengi, hata mwezi wa nane, kwa kikundi kinachoanza kutafuta mwezi wa tano.